Kruza na Kiti cha Nyuma: Pikipiki kwa Macho ya Kashebere

Majarida ya pikipiki ya Ulaya na Marekani yana desturi moja: humpima kwanza mwendeshaji. Huuliza urefu wa miguu yake, hali ya mgongo wake na kina cha mfuko wake, kisha humwelekeza. Apendaye kuketi chini, miguu imetangulia mbele na mikono imetanuka, apewe kruza. Apendaye kuinama juu ya tangi na kukata upepo, apewe pikipiki ya mbio. Apendaye vumbi na mawe, apewe enduro yenye kiti kirefu na springi ndefu. Kashebere, kijiji kilicho mpakani mwa Masisi na Walikale katika Kivu ya Kaskazini, upimaji huanzia upande wa pili wa pikipiki. Swali la kwanza ni la kiti cha nyuma: atapanda nani, na amebeba nini?

Mwandishi wa makala haya amekaa pande zote mbili za swali hilo. Alikulia kwenye barabara inayotoka Nyabiondo kwenda Walikale, akajifunzia pikipiki huko huko, na leo anaishi Ubelgiji ambako anaendesha kruza ya zamani, Yamaha Virago ya cc 535. Anaipenda. Hilo lisemwe mapema, maana baadhi ya yatakayofuata yatasikika kama mashtaka.

Pikipiki ya kwanza aliyoishika usukani ilikuwa Yamaha AG 100 ya misheni. Herufi hizo mbili zinahusu kilimo. AG ni pikipiki ya shambani, iliyopata jina kwa wafugaji wa Australia na New Zealand, watu wanaozunguka malisho kutwa nzima. Si ajabu kwamba Masisi, nchi ya ng'ombe na jibini, iliipokea kama mwenyeji. Ina keria mbele na nyuma, vyuma vya kukinga mikono, na mnyororo uliofungiwa ndani ya kasha ili tope lisiufikie. Ina vigingi viwili vya kuegeshea, kimoja kila upande, kwa sababu mlimani huwezi kujua ni upande upi ardhi itainuka. Sura haina. Injini yake ya mipigo miwili hutoa moshi na mlio wa kukwaruza masikio. Padri aliyekuwa nayo alipanda peke yake, vifaa vya misa vimefungwa nyuma, na kwa kazi yake haikupungukiwa na kitu.

Kisha ukaja mwaka 1994. Wakimbizi wa Rwanda walifurika Goma kwa mamia ya maelfu, mashirika ya misaada yakafuata, na pamoja nayo zikaja Honda XL 125 na Yamaha DT 125. Hizi zilikuwa ndefu. Kiti cha DT 125 R hukaribia sentimita 90 kutoka ardhini, na mtu wa kimo cha kawaida hugusa chini kwa ncha za vidole tu. Waliozipanda walivaa kofia ngumu na buti, na walipofika kwenye mashimo walisimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, pikipiki ikirukaruka chini yao bila kuwarusha. Kwa vijana wa kando ya barabara ile ilikuwa sinema ya bure. Mwandishi alikuwa miongoni mwa watazamaji, na hadi leo anaamini kwamba hakuna namna ya kuendesha inayomfundisha mtu upesi kuliko kusimama.

Kusimama ndiyo siri ya enduro. Uzito wa mtu hutoka kitini ukashuka hadi kwenye vikanyagio, karibu zaidi na ardhi. Magoti yanakuwa springi ya pili. Pikipiki inaweza kuyumba kulia na kushoto huku kiwiliwili kimetulia. Lakini ili hayo yawezekane, vikanyagio lazima viwe moja kwa moja chini ya mwili, na hapo kruza hushindwa mtihani wake wa kwanza. Miguu ikiwa mbele, mtu hawezi kuinuka bila kujivuta kwa usukani, na usukani ukivutwa gurudumu la mbele linakwenda linakotaka lenyewe. Akibaki ameketi, kila shimo linampanda hadi kwenye kifandugu, kwa sababu springi za nyuma za kruza ni fupi ili kiti kipate kukaa chini.

Mgeni akifika hapo hufunga hesabu: barabara mbovu, basi enduro. Atembee kwanza kwenye stendi ya Masisi mjini, au Nyabiondo, au Sake. Atakuta safu za Boxer za Bajaj, TVS, Senke na ndugu zao, pikipiki za cc 100 hadi 150, tairi nyembamba na viti virefu vilivyonyooka. Enduro atazihesabu kwa vidole, na nyingi zitakuwa na nembo ya shirika ubavuni. Wamotari, waendesha pikipiki za abiria wanaokula kutokana na barabara ile ile kila siku, wameikataa pikipiki ambayo vitabu vyote vinasema ndiyo yao.

Umaskini ni sehemu ya jibu, lakini sehemu ndogo. Jibu lenyewe limekaa nyuma ya mgongo wa motari.

Motari akiondoka Nyabiondo kuteremka Kashebere huwa na abiria, mara nyingi wawili, na mfuko wa maharage umelala juu ya tangi. Akipanda kutoka upande wa Walikale, ambako nyasi za Masisi zimekwisha na msitu umeanza, atakuwa na vidumu vya mawese vimening'inia pande mbili. Uzito huo wote umeegemea gurudumu la nyuma, na sehemu kubwa iko juu ya kiti. Pikipiki ya namna hiyo ikianza kulala, ujuzi wa mikono hauiinui. Kinachoiinua ni mguu uliokanyaga chini, kisigino na vidole pamoja, mara moja. Mwenye kugusa ardhi kwa ncha za vidole ataanguka, na ataanguka na watu.

Kwenye tope hasa, motari haendeshi; anatembea, pikipiki ikiwa katikati ya miguu yake. Gia ya kwanza, klachi nusu, buti za mpira kulia na kushoto zikisukuma. Wapo wanaofunga kipande cha mnyororo kuzunguka tairi la nyuma lipate kung'ata. Abiria hushuka, huvuka kwa miguu, hupanda tena. Malori ya Fuso yamechimba mifereji inayomfika mtu magotini, na motari anapaswa kuchagua: aingie mferejini na kukwaruza vikanyagio kwenye kingo, au apite juu ya tuta la katikati, ambalo upana wake hauzidi tairi kwa mengi. Kwenye madaraja ya magogo huchagua gogo moja, akalifuata taratibu, miguu yote miwili imening'inia tayari kwa lolote.

Tena kuna kusimamasimama. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu vizuizi 798 katika barabara za Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, vya jeshi, vya makundi yenye silaha na vya watoza ushuru wa kila namna. Motari hupunguza mwendo, husimama, hutoa, huondoka. Kila kituo ni pikipiki nzito iliyosimama juu ya mguu mmoja, mara nyingi mlimani, mbele ya kijana mwenye bunduki ambaye hapendi kuona chombo kikiyumba kuelekea kwake. Waandishi wa majarida wanaopima urefu wa kiti kwa ajili ya taa za barabarani hawajafikiria kipimo hicho.

Hapo kruza inapata mtetezi isiyemtarajia. Kiti chake kiko chini: Honda Rebel 500, kwa mfano, ni milimita 690 tu kutoka ardhini, na karibu kila mtu mzima huikanyagia nyayo zote mbili. Injini yake huvuta kwa mizunguko michache, bila kulazimika kupiga kelele ndipo isogee. Chombo chenyewe ni kirefu na kimetulia. Ukimwondolea motari jina la kruza na picha za wanaume wenye ndevu, ukamsomea sifa hizo tatu peke yake, atakubali bila kubishana: ndizo anazozitafuta. Boxer aliyoichagua ina kiti cha chini kuliko enduro, injini inayovuta kuanzia chini, na kiti kirefu. Kwa mtazamo huo motari wa Masisi ana undugu na mpanda Harley kuliko na yule wa shirika aliyesimama juu ya vikanyagio. Na kama urefu wa kiti ndio kipimo cha mwisho, basi chukudu, skuta ya mti ya kubebea mizigo, ni kruza kuzishinda zote: mwenye nayo hupiga goti moja juu ya ubao, mzigo uko usawa wa magurudumu ya mti, na Goma wameisimamishia sanamu.

Ukoo wa pikipiki za wamotari unastahili maneno machache. Mwaka 1976 Honda ilitoa CG 125 baada ya kuona jinsi pikipiki zinavyotumika kweli katika nchi za kipato kidogo: zinabebeshwa kupita kiasi, oili haibadilishwi, mnyororo hautazamwi mpaka ukatike. Wahandisi waliacha mpango wa kisasa wa kuendesha vali kwa kamshafti iliyo juu ya injini, inayozungushwa na mnyororo, wakarudia fito za kusukuma, teknolojia iliyoonekana imepitwa na wakati, kwa sababu ilivumilia kusahauliwa. Mnyororo wa gurudumu wakaufunika. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo vikaieneza duniani. Bajaj, waliokuwa wameshirikiana na Kawasaki, na TVS, waliokuwa na Suzuki, walikuja na injini zao wenyewe lakini kwa fikra ile ile: chombo kinachomtumikia asiye na muda wa kukitunza. Miaka ya 2000 zilipoanza kujaa Goma, kazi ya pikipiki ikawa ya vijana, na AG ya misheni ikaonekana kitu cha makumbusho.

Kruza nayo ina ukoo, na ukoo huo una tope kuliko wapenzi wake wanavyopenda kukumbuka. Indian ilianzishwa Springfield mwaka 1901, Harley-Davidson huko Milwaukee mwaka 1903, katika nchi ambayo nje ya miji karibu barabara zote zilikuwa za udongo. Mwaka 1916 dada wawili, Augusta na Adeline Van Buren, waliivuka Marekani kutoka pwani hadi pwani, kila mmoja na Indian yake. Walikwama kwenye tope, na njiani walikamatwa na polisi kwa kosa la kuvaa suruali kama wanaume. Picha za pikipiki za enzi hiyo zinaonyesha chombo chembamba chenye magurudumu makubwa na tumbo lililo mbali na ardhi. Motari wa Kashebere angeielewa bila mkalimani.

Kilichobadilika ni barabara. Lami ilienea, na sheria ya mwaka 1956 ikaanzisha mtandao wa barabara kuu za kuunganisha majimbo, pana na zilizonyooka. Vijana waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia walikuwa wakikata mabati na kuinamisha viti. Waliofuata wakarefusha uma wa mbele. Filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969 ikaipeleka sura hiyo dunia nzima, na mwaka 1971 Harley yenyewe ikaanza kuuza dukani, kwa jina la Super Glide, kile ambacho watu walikuwa wakikitengeneza gerejini. Wajapani walikuja miaka ya 1980: Virago mwaka 1981, Honda Shadow miaka miwili baadaye, kisha Vulcan ya Kawasaki na Intruder ya Suzuki.

Kila starehe ya kruza, ukiitazama vizuri, ni kazi iliyoondolewa kwenye chombo ikakabidhiwa barabara. Springi zinaweza kuwa fupi kwa sababu lami imekwisha kusawazisha. Tumbo linaweza kushuka kwa sababu hakuna jiwe. Uma wa mbele unaweza kulala kwa digrii 30 na zaidi, jambo linalolifanya gurudumu lipende kwenda moja kwa moja, kwa sababu hakuna shimo la kukwepa kila baada ya mita tatu. Serikali imeshalipa gharama ya starehe hiyo kabla mnunuzi hajaingia dukani. Ndiyo maana mwandishi huwa hana subira na ubishi wa kama kruza ni pikipiki nzuri au mbaya. Ni nusu ya mashine. Nusu ya pili ni wizara ya ujenzi.

Ubelgiji nusu ya pili ipo. Mwandishi alipofika alitafuta pikipiki isiyo ghali, na Virago 535 za mkono wa pili zilikuwa nyingi. Nguvu yake ni kama kilowati 34, chini kidogo ya kilowati 35 ambazo sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2013 inawaruhusu wenye leseni ya A2, kwa hiyo wanafunzi wengi huanza nayo. Kitu cha kwanza alichokipenda ni jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana: haina mnyororo. Gurudumu la nyuma huzungushwa na shafti iliyofungwa ndani ya chuma, kama ya gari. Mtu aliyewahi kuosha mnyororo mtoni kwa mswaki wa zamani, ukiwa umeshikamana na tope jekundu, huitazama shafti hiyo kwa heshima.

Safari zake nyingi ni za bonde la Ourthe, kutoka Liège kupanda La Roche-en-Ardenne. Vilima vyake ni vidogo kando ya vile vya Masisi vinavyopita mita 2,000, lakini kona zinafanana, na malisho, na mvua inayokuja bila kubisha hodi. Huko ndiko alikoelewa kinachowafanya watu wazima wenye akili watoe akiba zao kwa ajili ya kruza. Mtu ameketi wima, kichwa kimeinuka, macho yako mbali. Hakuna kinachomharakisha, kwa sababu ukipita mwendo fulani upepo unamsukuma kifuani na mikono inachoka, basi anarudi polepole mwenyewe. Aliwahi kuazimwa pikipiki ya mbio na jirani yake. Ilikuwa hodari kuliko barabara yenyewe, lakini uzito wote ulikuwa juu ya viganja, shingo imekunjwa nyuma, na baada ya saa moja hakukumbuka kijiji hata kimoja alichokipita. Aliwahi pia kuendesha moja ya zile ndefu za safari, za ukoo ambao BMW waliuanzisha mwaka 1980 na R 80 G/S, na akakiri moyoni kwamba kwa mtu mwenye pikipiki moja tu maishani hiyo ndiyo hesabu sahihi. Harley wenyewe walikubali hesabu hiyo mwaka 2021 walipotoa Pan America, ndefu na yenye springi za kupanda mawe.

Sauti nayo ina lake. Injini ya Harley ina silinda mbili zilizopangwa kama herufi V kwa pembe ya digrii 45, na pistoni zote mbili zimeshika pini moja ya krenki. Kwa hiyo milipuko haifuatani sawasawa: mmoja huja baada ya digrii 315 za mzunguko, wa pili baada ya 405, na sikio husikia kitu kinachochechemea. Mwaka 1994 kampuni iliomba kuisajili sauti hiyo kama alama yake ya biashara, ikabishana na washindani kwa miaka sita, ikaacha. Mwandishi huifurahia ikipita. Lakini Kashebere sauti ya pikipiki ni habari: wanaosikia hutambua ni Boxer au ni ya jeshi, inapanda au inashuka, imebeba au haijabeba. Kelele ya kujionyesha ingekuwa ufidhuli, na nyakati nyingine hatari.

Kisha mke wake alipanda nyuma.

Yeye ni binti wa Walikale. Amesafiri utoto wake wote nyuma ya pikipiki, wakati mwingine na kuku mapajani, na kiti cha nyuma anakijua kuliko wengi wanavyokijua cha mbele. Virago ilimpa kipande cha sponji kilichoinuka juu ya kile cha mumewe, vikanyagio vilivyomkunja magoti, na nyuma yake hakuna cha kuegemea. Walipofika La Roche alishuka, akavua kofia ngumu, akaizunguka pikipiki kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. "Hii moto," akasema, "waliitengeneza kwa mtu asiye na jamaa."

Alikuwa amegusa jambo linalohusu karibu aina nzima. Kruza nyingi humtendea abiria kama wazo lililokuja baadaye. Forty-Eight ya Harley, iliyotoka mwaka 2010, iliuzwa na kiti cha mtu mmoja na tangi linalobeba lita nane hivi. Rebel nayo hupendeza zaidi ikivuliwa kile kipande cha nyuma. Mstari unaoshuka kutoka tangi hadi tairi la nyuma, ule unaowafanya watu wageuze shingo, ukiweka kiti kirefu juu yake umeufuta. Wapo wanaokwenda kinyume: Electra Glide, iliyopewa jina hilo mwaka 1965 kwa sababu ya kuwashwa kwa umeme, ilikua hadi kuwa na kiti cha nyuma chenye mgongo na mahali pa kuweka mikono, na abiria wake husinzia. Ila mashine za namna hiyo hukaribia kilo 400. Virago, ambayo haifiki hata nusu ya uzito huo, tayari ni nzito kuliko Boxer na nusu ya Boxer nyingine.

Mwandishi aliagiza chuma cha kuegemea, kile chenye mto mdogo, akakifunga mwenyewe. Mke wake sasa hupanda, mradi safari ina mkahawa katikati.

Mwandishi alipokwenda tena nyumbani Kivu, kabla vita havijarudi, alipanda nyuma ya TVS kutoka Sake. Goma hadi Masisi mjini ni kilomita kama 80, na mvua zilikuwa zimeanza. Motari wake alikuwa kijana wa maneno machache aliyevaa koti zito jua lilipokuwa kali na asiyelifunga mvua iliponyesha. Kiti kilikuwa kimeongezwa sponji na kushonewa ngozi ya bandia yenye shada pembeni. Vioo vilikuwa vinne, viwili vya kutazamia na viwili vya urembo. Usukani ulikuwa umeinuliwa kwa vyuma vya kuchomelea, mikono ikae juu. Mwandishi aliitazama ile mikono iliyoinuka akacheka. Hakuna jarida la Milwaukee lililokuwa limefika pale. Kijana alieleza kwamba kutwa nzima mabega hayamchoki hivyo, na tena inapendeza.

Kwa hiyo mapendeleo yapo hata kwenye tope. Barabara huamua mambo makubwa, kisha huwaachia watu yaliyobaki, na hayo yaliyobaki hubishaniwa kwa ukali kuliko makubwa. Kwenye stendi wapo wasiosikia la mtu juu ya TVS, wanaodai inakunywa kidogo na makadafi wanaouza petroli kwa chupa hawaoni faida kwao. Wapo wa Boxer, wanaosema kiti chake kinameza mtu mmoja zaidi. Wa Senke hujibu kwamba wao wakiharibikiwa, kipuri kipo kwa kila fundi hadi ndani ya msitu. Wanawake wanaosubiri kupanda hawaingii kwenye ubishi huo. Wao hutazama motari, kisha tairi, kisha hali ya kiti. Hospitali kuu ya Masisi, ambako Madaktari Wasio na Mipaka walianza kufanya kazi mwaka 2007, imekuwa na mahali ambapo wajawazito wenye hatari huja kukaa wiki kadhaa kabla ya kujifungua. Barabara ndiyo iliyolazimisha mpango huo: mwanamke mwenye uchungu hapaswi kuupitia nyuma ya pikipiki, akiwa amebanwa kati ya motari na dada yake anayemshikilia.

Januari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Masisi mjini, kisha Sake na Goma mwezi huo huo. Mwezi wa tatu walifika Walikale mjini. Katika miezi hiyo pikipiki za wamotari zilihamisha nyumba nzima: godoro limekunjwa, sufuria, nyanya mmoja na wajukuu wawili.

Mpwa wa mwandishi ni motari, na kabla ya mapigano hayo alipata nafasi ambayo wenzake walimwonea wivu. Shirika moja lilikuwa likifunga ofisi na kuuza vifaa, ikiwemo DT 125 iliyotunzwa vizuri, kwa bei ya kuridhisha. Alipiga simu Ubelgiji kuomba ushauri na, bila shaka, mchango. Mwandishi aliisifu DT kwa dakika nyingi: springi, injini, ule usimamaji aliouona utotoni. Mpwa alisikiliza kwa adabu.

"Mjomba, nimeipanda," akasema. "Nikiwa peke yangu ni nzuri sana. Nikapakia mama mmoja na mfuko wake, nikasimama kwenye kizuizi, mguu ukatafuta udongo haukuuona. Mama akashuka akasema atangojea Boxer."

Akatumiwa pesa za Boxer. Ile DT ilinunuliwa na muuguzi wa chanjo, mtu mrefu anayekwenda peke yake kwenye vijiji vilivyo mbali na barabara, boksi la baridi limefungwa nyuma kwa mpira. Anaisifu kwa kila mtu. Akipita stendi, wamotari humwita wakimuuliza hali ya hewa huko juu ikoje, naye huinuka juu ya vikanyagio, akawapungia mkono.